Zimwi Lililopokea Shikamoo Zetu

Zimwi lenyewe lilikuwa halina midomo, na nadhani hicho ndicho kilichotuponza wote.

Meno lilikuwa nayo, tena mengi, yamepangana ndani ya tundu lililokuwa shingoni badala ya usoni. Ngozi yake ilikuwa inateleza kama ya kambale, na ndevu za kambale zilikuwepo, ndefu, zinanusa hewa huku na huku zenyewe kama vile kila moja ina akili yake. Macho hakuna. Likipita kwenye korido unasikia kwanza maji yanadondoka, halafu taa zinazimika moja moja, halafu watoto waliokaa kwenye mkeka wa mbele wanarudi nyuma bila kugeuka, wanaburuza makalio tu mpaka wanafika kwenye miguu ya watu wazima. Lilikuwa zimwi hasa. Lakini kwa kuwa halikuwa na midomo, mjomba wangu aliweza kuliwekea maneno yoyote anayotaka, marefu au mafupi, na hakuna mtu angelalamika kwamba mdomo umeshafungwa na sauti bado inaendelea.

Mjomba ni mdogo wake mama. Ana banda la kuonyesha mpira na sizoni, zile filamu za mfululizo, hapa Mlabani, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kuta ni mabanzi, na juu ya mabanzi ametandaza magunia ili mwanga usiingie, kwa hiyo ukitoka kwenye jua la saa tisa alasiri ukaingia mle unakuwa kipofu kwa muda, unakanyaga watu na wanakutukana kwa upole. Mbele kuna shuka jeupe la projekta. Kona moja imezibwa kwa turubai la bluu, na ndani ya turubai kuna laptopu, kiti kimoja na maiki moja. Hapo ndipo anapokaa DJ.

Sizoni za nje zinakuja na Kiingereza chake, na watu wa kwetu hawaji bandani kusoma maandishi ya chini, wanakuja kusikia. Kwa hiyo mjomba anapunguza sauti ya filamu na kusema yeye mwenyewe, wote: wanaume, wanawake, vichanga, mbwa. Katikati ya hapo anaelezea, anagombana na jambazi, anamwambia mtu aliyesimama mbele ya projekta akae chini. Yote kwa pumzi hiyo hiyo moja.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma. Sehemu mpya ilikuwa inatoka moja kila wiki, jamaa wa duka la filamu anaishusha, mjomba anakuja nayo kwenye flashi, na mimi naiangalia kwanza peke yangu na kumweleza nani kasema nini. Niko kidato cha tatu na Kiingereza cha kusoma nakimudu. Kusema ndiyo shida yangu, na simaanishi Kiingereza tu. Darasani mwalimu akiniuliza najibu, ila jibu linaishia kwenye meno. Nikipishana na mtu mzima njiani midomo yangu inatikisika, shikamoo nimeitoa, naapa nimeitoa, lakini aliyeisikia ni mimi peke yangu. Mama ameshachoka kuwaambia watu kwamba huyu mtoto adabu anazo, ni aibu tu. Ndiyo maana napenda kuandika. Ukiandika hakuna mtu anayekuangalia mdomoni.

Basi, hadithi ya sizoni yenyewe ni hivi. Kuna watu wamepelekwa kwenye dunia nyingine iliyojaa barafu, wamejenga kituo chini ya barafu hiyo, wanachimba jiwe fulani linalowaka. Wachimbaji wanatoboa pasipotakiwa kutobolewa. Zimwi linatoka. Kuanzia hapo kila wiki anamezwa mtu.

Katika sehemu ya pili kulikuwa na daktari wa kituo, dada mmoja mwembamba, amebaki peke yake koridoni na zimwi limesimama mbele yake. Kwa Kiingereza alikuwa anaomba asiuawe. Mimi nilimwambia mjomba vizuri kabisa kwamba anaomba asiuawe. Lakini mjomba alipofika pale, sijui ni woga, sijui ni malezi, akamwona msichana ameinamisha kichwa mbele ya kitu kikubwa na kikongwe, na mdomo wake ukajisemea wenyewe:

"Shikamoo."

Zimwi likavuta pumzi. Mjomba naye, kwa sauti ya chini kabisa iliyotikisa sabufa, akajibu:

"Marahabaa."

Na kwenye shuka, kwa bahati tu, zimwi likageuka likaenda zake.

Banda lilipiga kelele mpaka mashine ya mpunga haikusikika. Tangu siku hiyo watu waliielewa sizoni kwa namna yao, na kusema kweli ilikuwa na mantiki kuliko ile ya watengenezaji. Anayesalimia anapona. Asiyesalimia anamezwa. Wiki iliyofuata fundi umeme wa kituo alikimbia bila kusema neno akamezwa na viatu vyake, na nyuma bandani mtu akasema kwa masikitiko, "Si angesalimia jamani, ingemgharimu nini?" Mjomba akaona hapa hapa pa kushikilia. Akawasalimisha wote waliobaki. Hata kamanda wa kituo, mzee mzima mwenye ndevu nyeupe, alikuwa anasimama mbele ya yale meno na kutoa shikamoo. Watu wakampa zimwi cheo, wakamwita Babu.

Kuna bibi mmoja jirani yetu, Mpogoro wa kule juu Mahenge, anakuja bandani kila Jumamosi akitoka jumuiya ya kanisa, na kigoda chake mkononi kwa sababu mabenchi ya mjomba anasema ni ya kuku. Yeye alikuwa anamsalimia Babu kwa sauti, kutoka pale alipokaa, pamoja na watu wa kwenye filamu. Hakuwa anatania. "Kiumbe kimelala chini ya barafu tangu dunia inaumbwa," alikuwa anasema, "mimi ni nani nisikisalimie?" Na mtaani kina mama wakapata silaha mpya. Mtoto akipita bila kusalimia anaambiwa, "Utamezwa." Sijawahi kuona watoto wa Mlabani wana adabu kama msimu ule.

Sasa siri yangu. Mimi nilikuwa namfanya Babu nyumbani, yaani namwigiza. Nikiwa peke yangu jikoni nachukua sufuria kubwa ya wali, naiweka mdomoni kama barakoa, natoa sauti ndani yake. Sikumfanya kwa ile sauti nzito ya mjomba. Nilimfanya kwa sauti yangu, nyembamba, inayosema taratibu, na mle ndani ya sufuria ilikuwa inatisha kwelikweli, nywele zilinisimama mwenyewe. Nilikuwa namjua Babu. Nilikuwa nimeangalia kila sehemu mara mbili, nikajua anapumua lini, anasita wapi. Nilikuwa namtaka awe wangu. Ila kusema mbele ya mtu kwamba namtaka, hiyo ndiyo isingewezekana.

Halafu ikachezwa mechi ya watani wa jadi, na mjomba akapoteza sauti.

Aliipoteza yote. Asubuhi yake alifungua mdomo ikatoka hewa kama baiskeli inayopunguzwa upepo. Muuguzi alimpa masharti ya maji ya chumvi na kunyamaza, na kunyamaza kwenyewe, akasema, ni kunyamaza kabisa, hata kunong'ona asinong'one. Siku ya pili yake ilikuwa Jumamosi ya Babu, na sizoni ilikuwa inaelekea mwisho, zimebaki sehemu mbili tu, na safari hii zilitoka zote mbili pamoja, moja ya Jumamosi na moja ya Jumapili.

Aliyejitolea wa kwanza ni kaka mmoja wa bodaboda anayeegesha pale mashineni. Ni Msukuma, mrefu, kwao wana ng'ombe kule bondeni, na ana sauti ambayo akiita abiria wa kituo cha pili wanageuka.

"Mjomba, nipe maiki," alisema. "Babu namfanya mimi. Sikiliza." Akajaza kifua. "Marahabaaa."

Kuku waliokuwa wanachakura pumba wakatawanyika. Mjomba akainua dole gumba. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na laptopu mapajani, na nakiri nilisikia wivu. Kwa sababu alikuwa mzuri. Lakini hakuwa Babu. Alikuwa mtu mwenye sauti nene.

Nikainamisha kichwa, nikavaa spika za masikioni, nikaanza kuangalia sehemu mpya. Nilifika katikati nikaisimamisha. Nikarudisha nyuma. Nikaangalia tena. Halafu nikaanza kucheka, na nikicheka huwa sitoi sauti, natikisika tu, kwa hiyo kaka wa bodaboda akamwambia mjomba, "Dogo kapatwa na degedege."

"Babu," nilisema.

"Babu kafanyaje?"

"Babu ni mtoto."

Ilibidi nirudie, wakasogea. Nikawaonyesha. Yule daktari alikuwa amepata kipande cha ngozi, amekipima kwenye mashine zake, na sasa anamwambia kamanda kwamba kiumbe kile kimeanguliwa juzi tu. Ni kitoto. Kinapita kwenye makorido kinamtafuta mama yake, na mama yake ndiye aliyelala chini ya barafu.

Mjomba aliangalia, akakaa juu ya gunia. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Halafu akachukua simu akaandika, akatuonyesha: *Kamanda ana ndevu nyeupe kampa shikamoo mtoto mchanga.*

"Na bibi," nilisema.

Akaandika: *Usinikumbushe bibi.*

Kaka wa bodaboda alikuwa ameshapata dawa. "Tusiwaambie. Maandishi nani anasoma? Tuseme vipimo vinaonyesha Babu anaumwa. Akili zimerudi utotoni, wazee si huwa wanakuwa hivyo. Atakuwa anasema tu, namtafuta mama, namtafuta mama. Hata babu yangu alikuwa hivyo hivyo mwishoni."

Kwa kweli lilikuwa wazo zuri. Mjomba alilifikiria, nilimwona. Na mimi nikawa nafikiria la kwangu, na la kwangu lilikuwa hili: wakidanganya, sauti nene inabaki, Babu ni wa bodaboda. Wakisema kweli, sauti nene haifai tena. Siwezi kujifanya kwamba niliutetea ukweli kwa sababu ya ukweli.

"Watu wengine wana simu," nilisema. "Wataiona wenyewe. Watasema DJ muongo."

Hapo mjomba alishtuka. DJ anaweza kuitwa chochote, siyo hicho. Akaandika: *Sawa. Sauti ya mtoto tunaitoa wapi?*

"Mimi," nilisema.

Hawakusikia. Walikuwa wanajadiliana, mmoja kwa mdomo mwingine kwa vidole, kama wamtafute mtoto wa mama muuza vitumbua.

"Mimi."

"Umesema?"

"Mimi nitakuwa Babu."

Kaka wa bodaboda aliniangalia kwa huruma. "Dogo, bila ubaya. Wewe ukinisalimia asubuhi mimi nadhani unapiga miayo."

Mjomba hakucheka. Alinipa maiki, akawasha sabufa, akanionyesha kwa mkono, haya. Nikaishika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani na inanuka mate ya mjomba. Nikafungua mdomo. Banda lilikuwa tupu, mabenchi matupu, kuku wawili tu, na bado hakikutoka kitu.

"Hiyo imewashwa kweli?" aliuliza kaka wa bodaboda.

Mjomba akaandika kwa muda mrefu, na alichoandika ni kwamba kesho wote wawili tutaingia nyuma ya turubai. Bodaboda atafanya binadamu wote. Ikifika zamu ya Babu, nikitoa sauti Babu ni wangu mpaka sizoni inaisha. Nisipotoa, bodaboda ananyakua maiki pale pale, Babu ni mzee mgonjwa, na mimi nirudi kwenye kusoma.

Usiku ule nililala vibaya, sitaki kuuelezea.

Jumamosi banda lilijaa kupita siku za mpira. Watu walikuwa wametoka kuvuna, wana furaha ile ya mtu aliyeona magunia yake yamesimama, na wengine walikuja na vumbi la mpunga shingoni, wanajikuna na kucheka. Bibi alikuwa mstari wa pili na kigoda chake. Nilimwona kwenye tundu la turubai. Nyuma ya turubai tulikuwa tumebanana, magoti ya kaka wa bodaboda yananifika masikioni, na mjomba amesimama nje ameingiza kichwa tu, mkono wake mmoja uko begani kwangu wa kunibonyeza zamu ikifika.

Kaka wa bodaboda alianza na daktari. Alimpa sauti ya mbuzi.

"Huyo ni nani?" mtu akauliza gizani.

"DJ yuko wapi? Daktari leo kaota ndevu."

"DJ kameza filimbi ya refa, sikilizeni tu," akajibu kaka wa bodaboda kwenye maiki, kwa sauti ile ile ya daktari, na watu wakampenda kuanzia hapo. Alikuwa na kipaji, lazima nikubali. Akaenda vizuri mpaka kwenye vipimo, daktari akashusha karatasi, akamwambia kamanda, "Mkuu, huyu siyo babu. Huyu kazaliwa juzi."

Watu walidhani hawajasikia vizuri. Na kabla hawajauliza, taa za koridoni zikaanza kuzimika kwenye shuka, moja moja, maji yanadondoka, na zimwi likatoka kwenye ukuta, ndevu zinanusa. Daktari akageuka. Kaka wa bodaboda akamsalimisha kwa mazoea:

"Shikamoo, Babu."

Akanipa maiki. Mkono wa mjomba ukanibonyeza.

Sikutoa kitu. Nilikuwa nimefungua mdomo na nasikia moyo wangu kwenye sabufa, naapa moyo ulikuwa unaingia kwenye maiki, du, du, du, unatoka mbele kwa watu. Zimwi limeganda na mimi nimeganda. Na banda zima lilikuwa kimya namna ambayo sijawahi kusikia, hata watoto, hata mashine ya mpunga, kwa sababu hawakujua kwamba nimekwama. Walidhani ni zimwi linafikiria.

Kaka wa bodaboda akanyoosha mkono kuchukua maiki. Nikauona unakuja. Nikakumbatia maiki kifuani, nikainamisha kichwa, nikasema kwa ile sauti ya sufuria:

"Nani kawaambia mimi ni babu?"

Mtu mmoja nyuma alipiga yowe. Mmoja tu, mwanaume mzima. Halafu wote.

Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama kuteleza kwenye tope ukagundua kwamba unaweza kuteleza umesimama. Nikaendelea. "Namtafuta mama," nikasema. "Mmemwona mama?" Na zimwi kwenye shuka likapanua yale meno yote, na watoto wa mkekani wakaburuzika mpaka ukuta wa nyuma, na kaka wa bodaboda amejiziba mdomo kwa kofia yake analia kwa kicheko.

Ndipo bibi akasimama.

"Simamisha hapo," alisema. Hakupaza sauti. Mjomba alibonyeza laptopu kwa kasi ya mtu aliyeitwa na mama yake. Zimwi likaganda shukani, tundu wazi. Bibi akalisogelea mpaka kivuli chake kikaingia kwenye meno.

"Wewe. Unayeficha mdomo shingoni. Nakuuliza wewe."

"Abee, bibi."

Lilinitoka. Ukiitwa na bibi unaitika, hakuna mtu anayefikiria. Lakini wote walisikia zimwi lile, na meno yale, limeitika abee, na nikasikia sauti ya fundi baiskeli wa mtaani kwetu ikisema taratibu kwa mshangao wa kweli, "Kumbe ni wa kike."

"Wewe ni mtoto?" bibi akauliza.

"Mtoto, bibi."

"Na shikamoo zangu ulikuwa unazipokea za nini?"

Yalikuwa maneno ya mjomba, sasa yapo shingoni kwangu. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia. "Mlinipa wenyewe, bibi. Mimi nikaona aibu kukataa."

Alifikiria. Nilimwona akifikiria, mkono kiunoni, mwanga wa projekta umemfanya wa bluu. "Zirudishe," akasema.

"Zote?"

"Zote."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Endelea."

"Shikamoo, bibi. Shikamoo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa na hawa."

Na banda likawa hivyo. Watu walisimama kudai. Na mimi, niliyewaangalia wote msimu mzima kupitia tundu la turubai na sikuwahi kumtolea hata mmoja sauti ya kusikika, nikawa nawataja walivyokaa. Shikamoo, baba wa mashine. Shikamoo, fundi baiskeli. Shikamoo, mama wa vitumbua, na beseni lako. Wanajibu kwa pamoja, marahaba, wanapiga mabenchi. Kijana mmoja wa darasa langu akajaribu kudai na yeye, nikamwambia, "Wewe mambo," na watu wakamzomea. Sauti yangu nilikuwa naisikia inarudi kutoka kwenye mabanzi ya upande wa pili, kubwa, na nilikuwa naishangaa kama mtu anayeona nguo yake imevaliwa na mwingine na imempendeza.

Mjomba akaachia filamu kabla watu hawajaisahau kabisa. Kamanda akatokea koridoni na mwenge wa moto. Mimi mzuka ulikuwa bado umenipanda, haushuki.

"Shikamoo, kamanda," nikasema.

Kaka wa bodaboda alitakiwa ajibu, lakini alikuwa anafuta machozi. Na zimwi likamrukia kamanda, likammeza na ndevu zake nyeupe, kila mtu akiona.

Lile lilikuwa tukio baya kweli, kamanda tulikuwa naye tangu mwanzo.

"Angalau kasalimiwa," akasema bibi, akakaa kwenye kigoda chake.

Sehemu ilipoisha sikungoja. Nilitoka kwa nyuma, nikapita juu ya lundo la pumba la mashineni badala ya kulizunguka, nikazama mpaka magotini, nikaacha kandambili moja humo na sikurudi kuitafuta. Nilifika nyumbani pumba zimenijaa hata kwenye nywele. Mama aliuliza nimefanya nini, nikasema nimesalimia watu. Hakuniamini.

Jumapili baada ya misa, watu walikuwa wamesimama nje ya kanisa kama kawaida, na bibi alikuwa njiani, huwezi kumkwepa. Nikamsalimia. Akaitikia huku anaongea na mwenzake, halafu akakata maneno katikati, akanigeukia.

"Hebu sema tena."

"Shikamoo, bibi."

Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka juu. "Mama yako umempata?" akauliza. Nikakimbia. Nilisikia anacheka nyuma yangu, na anamweleza mwenzake, na mwenzake anasema, "Yule? Yule asiyeongea?"

Kwa hiyo alasiri ile wote walikuwa wanajua ni mimi. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu mwanzo, kujulikana, na nilikaa nyuma ya turubai nasikia minong'ono, na kaka wa bodaboda ananipa pipi ya kifua kama vile mimi ndiye mgonjwa. Ilikuwa sehemu ya mwisho. Magunia ya ukutani yalikuwa yamekunjwa upande mmoja ili waliosimama nje nao waone, na mwanga uliingia, shuka likafifia, hakuna aliyejali.

Mjomba sauti ilikuwa imeanza kurudi. Siyo ile yake. Ilikuwa imepasuka, inakwaruza, kama bati linaburuzwa juu ya kokoto. Hakuwa ametuambia anataka kufanya nini nayo. Kaka wa bodaboda alifanya binadamu waliobaki, mimi nikamfanya mtoto, na tulikwenda mpaka mwisho kabisa, pale barafu inapopasuka na kituo kinayumba, na kutoka chini kinapanda kitu ambacho hata nilipokiangalia peke yangu Ijumaa nilifunga laptopu kwanza. Kilikuwa kikubwa kuliko shuka. Uliona kipande tu, ndevu moja nene kama mti, inapapasa.

"Ee," alisema bibi mstari wa pili, kwa sauti ya mtu aliyeridhika. "Huyo sasa ndiye wa kusalimiwa."

Mjomba akaingia nyuma ya turubai mzima mzima, akamkanyaga kaka wa bodaboda, akapiga magoti mbele yangu. Maiki ilikuwa moja. Akaisogeza kidogo upande wake bila kuniondolea mkono, shavu lake likagusana na langu, likikwaruza, linanuka tangawizi. Kwenye maandishi ya chini hapakuwa na neno lolote, niliyasoma mimi, zimwi kubwa linanguruma tu. Mjomba akanguruma, sauti yote iliyopasuka, mpaka watu wa nje wakarudi hatua. Halafu akasema:

"Mwanangu. Umekula?"

Nikavuta maiki. "Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Fundi umeme. Na wachimbaji. Na kamanda."

"Kamanda umemsalimia?"

"Nimemsalimia."

"Haya. Njoo tulale."

Na zile ndevu mbili, ile ya mti na ile ndogo, zikashikana shukani, barafu ikafunga juu yao, majina ya Kiingereza yakaanza kupanda. Watu walikuwa wanapiga mabenchi, wengine wanapiga mabanzi kwa nje. Mjomba akanyoosha mkono azime maiki, kama anavyofanya siku zote, akaivuta. Haikuja. Akavuta tena, akaniangalia. Nilikuwa bado sijaiachia.